Zamu wa Goti

Huku Kadutu mwizi akiingia uani
hatupigi simu, tunapiga sufuria.
Mmoja anaanza, nyumba ya pili inajibu,
mpaka kilima kizima kinalia bati
na mbwa hawajui wabweke upande gani.
Mwizi keshafika Nyawera, anakula sambaza.
Sisi bado tunagonga.

Ndivyo lilivyo goti langu la kushoto.

Miaka miwili na miezi mitatu:
mpira wa mikono, dakika za mwisho, saruji imelowa,
mimi golini. Niliruka kulia, goti likabaki kushoto.
Nilisikia ka!
kama mtu anavunja kuni nyumba ya tatu.

Walilifunga, walilifungua,
walilichua kwa mawese na majani yasiyotajwa jina.
Picha ya kwanza, ya pili. Ya tatu
daktari aliiinua dirishani,
ziwa likapita ndani ya mfupa wangu,
akasema, "Safi."
Neno hilo nililia nalo njia nzima.
Kama ni safi, nani ananikata kila asubuhi
nikishuka ngazi zetu mia na kumi na mbili?
Nazijua kama mtu anavyojua madeni yake.

Shangazi alisema ni jirani.
Kocha Cirhuza alisema ni woga,
na usiku huo liliniuma hata nikiwa nimelala.

Muderhwa, kine mwenye chumba kimoja
nyuma ya duka la misumari,
ndiye aliyeuliza: "Ni lini haliumi?"
Nilikasirika. Linauma siku zote!
Kisha nikakumbuka Jumanne ya mvua,
mtoto wa dada akiteleza kuelekea mferejini,
nami nikishuka ngazi tatu tatu
hadi nikamdaka kwa kola kama mpira,
na goti halikusema neno
mpaka niliposimama, nikalikumbuka.

Hakuniambia nadanganya. Alisema:
"Maumivu ni ya kweli. Jeraha ndilo limekwisha.
Kichwani una zamu. Alishtuka siku ile,
na hakuna aliyekwenda kumwambia mwizi ameondoka.
Ukimtukana, atagonga zaidi.
Ukimkimbia, ataamini kweli kuna jambo."

Basi umeme ukikatika
nakaa kitandani, kiganja juu ya goti,
nalitazama kama unavyotazama maziwa motoni:
hapa pana joto, hapa panabana,
hapa kuna kitu kama mchwa.
Sifukuzi. Natazama tu.

Na usiku mmoja, chini ya mchwa, nikamkuta baba.
Nilimwahidi kombe akiwa amelazwa.
Bao la mwisho lilipita nikiwa chini;
tulimzika wiki ileile.
Nilifika kaburini kwa magongo.
Watu wote walitazama mguu,
nami nikautazama mguu.

Machozi ya siku ile yalikuja sasa, gizani,
goti mikononi mwangu kama kichwa cha mtoto.

Usidhani lilipona hapo. Kesho yake liliuma vibaya.
Nilishuka ngazi kumi, nikaketi,
wauza makaa wakanipita wakicheka,
nikamwambia zamu: "Nimekusikia, baba.
Ni ngazi tu hizi. Keti."
Wiki iliyofuata, ishirini.
Iliyofuata tena, tano.
Muderhwa alisema tano nazo ni ngazi.

Juzi nilikuwa nawaza bei ya maharage,
imepanda tena, na muuzaji hata haoni haya,
nikajikuta chini kabisa, barabarani,
hesabu imenipotea sijui wapi.
Nilisimama, nikasikiliza.
Mbali, juu kilimani, sufuria moja tu,
nyumba moja, mkono uliochoka.

Mwache agonge.
Mimi nina maharage ya kununua.